Kinu cha Usiku

Mke wangu Lamara husaga usiku.
Si nafaka. Ghala letu ni kabati la jikoni,
mna maharage mekundu, mchele, chumvi ya mlimani.
Husaga meno.
Krr, krr, kama lifti ya jengo namba tisa
ninayoitengeneza kila Jumatatu
na kila Jumanne inakwama.

Mchana ni mtu mwingine.
Hukaa nyuma ya kioo katika ofisi ya maji, hapa Kutaisi,
na watu huinamia lile tundu dogo wakimimina:
bomba kavu, bili nono,
mtoto ana homa na sufuria tupu,
wewe mama huna haya?
Naye hujibu, "Nimekuelewa. Tia saini hapa."
Tabasamu limepigwa pasi.
Amejikaza kisabuni,
na sabuni, wajua, hujikaza huku inaisha.

Akirudi hasemi.
Anavua viatu, anaosha vyombo vilivyo safi.
Anauliza kama Gela amepiga simu kutoka Polandi.
Amepiga. Anataka hela.
Hakusema hivyo; alisema kuna baridi.
Kisha mkopo, kisha paa,
kisha kichwa kinamgonga upande mmoja
na kidonge anakimeza kikavu, bila maji,
kama anayemeza neno.

Nilidhani ni umri.
Nikajaribu pamba masikioni.
Nikamtikisa bega: akanyamaza, akahesabu kitu, akaanza tena.
Mimi mwenyewe shinikizo la damu lilikuwa limepanda
bila lifti.

Mpaka jino likapasuka. Kwa mkate laini!
Daktari Eteri, mfupi, mwenye mikono ya baridi,
akamulika mdomoni, akakaa kimya kitambo,
halafu akaniita nami nitazame.
Magego yamelika bapa
kama vidato vya kanisa lililoko kilimani,
vilivyokanyagwa na kila mwenye ombi.
"Mama," akauliza, "unatafuna nini usiku?"
Lamara alikuwa na vidole vya mtu kinywani,
hakuweza kusema "nimekuelewa."
Machozi yakateremka yakamwingia masikioni,
maana alikuwa amelazwa chali.

Tulipewa kipande cha plastiki cha kuvaa kitandani.
Jino la pembe si dawa ya pengo,
na Eteri mwenyewe hakuficha:
hiki kitalinda meno, wewe hakikulindi.
Akakivaa usiku nne.
Wa tano nikakikuta ndani ya bakuli la sukari.

Kilichofuata si muujiza.
Jioni moja alishuka basi kabla ya kituo chetu,
akatembea hadi daraja jeupe, akasimama juu ya Rioni,
maji yasiyo na bili.
Alifika nyumbani supu imeganda
na mimi nimeshapigia hospitali mbili.
"Nilikuwa nawajibu," akasema.
"Nani?"
"Wa dirishani. Mmoja mmoja."
"Ukawaambia nini?"
Akacheka. Hayasemeki mbele ya mume.

Siku hizi hushuka mapema, mvua isiponyesha.
Akirudi tunavunja jozi mezani
kwa nyundo yangu ya kazini,
maganda yanaruka hadi chini ya friji.
Mtu akivunja jozi taya hulegea,
sijui kwa nini, mimi ni fundi wa lifti.
Mara nyingine anasimulia. Mara nyingine nyundo inasimulia.
Bili ipo. Paa lipo, yaani tundu lake lipo.
Gela bado ana baridi.

Jana niliamka saa tisa usiku, nimeshtuka.
Nikatega sikio: hakuna kinu.
Nikasogeza kiganja puani pake.
Pumzi. Vuguvugu, ina harufu ya jozi.
Nikabaki macho mpaka alfajiri
nikikisikiliza kile kimya kama mgeni aliyebisha hodi,
na hapo ndipo nilipolihisi taya langu mwenyewe
gizani,
limekunja ngumi.